Kwa Nini Baadhi ya Watu Hugundulika na VVU Wakiwa Wamechelewa: Somo Kutoka Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Utangulizi

Dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI (VVU) zilianza kutolewa bila malipo katika vituo vya umma nchini Tanzania mwaka 2004. Tangu mwaka 2016, kila anayegundulika kuwa na VVU anastahili kuanza dawa mara moja, bila kusubiri kinga yake ishuke hadi kiwango fulani. Kwa sababu hiyo, swali la msingi limebadilika. Miaka ishirini iliyopita tuliuliza: mgonjwa atapata wapi dawa? Leo hatuna budi kuuliza: kwa nini bado yupo mtu anayefikishwa hospitalini akiwa amebebwa, na ndipo kwa mara ya kwanza anapimwa VVU?

Jibu jepesi liko katika methali tuliyofundishwa tangu utotoni: mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo ina ukweli wake, lakini inamtupia mgonjwa lawama yote. Makala haya yanautazama Mkoa wa Geita na maeneo jirani ya Shinyanga, na hoja yake ni kwamba wagonjwa wengi wanaochelewa hawakuficha kitu. Walikohoa mbele ya watu, wakapata homa, wakaenda zahanati na maduka ya dawa, wakakonda huku wakitazamwa. Maradhi yao yalionekana, ila yalipewa jina lingine. Kuchelewa kugundulika ni mfululizo wa milango ambayo mtu hupita bila kupimwa, na mingi kati ya milango hiyo funguo zake tunazo sisi watoa huduma, familia na viongozi wa maeneo ya kazi.

Kuchelewa maana yake nini?

VVU hushambulia chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4, ambazo huongoza ulinzi wa mwili dhidi ya vimelea. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa na zaidi ya chembe 500 za aina hiyo katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2017, mtu mwenye umri wa miaka mitano na kuendelea huhesabiwa kuwa katika hatua ya juu ya ugonjwa iwapo chembe hizo zimeshuka chini ya 200, au iwapo ana ugonjwa wowote wa hatua ya tatu au ya nne. Katika hatua ya tatu yamo mambo kama kupungua uzito kwa zaidi ya asilimia 10 bila sababu, homa au kuharisha kwa zaidi ya mwezi mmoja, utando mweupe mdomoni usiokoma, na kifua kikuu cha mapafu. Katika hatua ya nne yamo homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi, kifua kikuu kilichoenea nje ya mapafu, na saratani ya Kaposi. Mtoto aliye chini ya miaka mitano anayegundulika na VVU huhesabiwa moja kwa moja kuwa katika hatua ya juu, kwa kuwa kwake ugonjwa hukimbia haraka.

Ni muhimu kuelewa muda unaopita kabla ya kufikia hapo. Utafiti uliowafuatilia wanavijiji wa Masaka nchini Uganda, magharibi mwa Ziwa Viktoria, kabla dawa hazijapatikana, ulionyesha kwamba nusu ya walioambukizwa walifikia hatua ya UKIMWI ndani ya takriban miaka 9.4. Hii ina maana kwamba mtu mzima anayegundulika akiwa na CD4 chini ya 200, kwa kawaida ameishi na virusi kwa miaka kadhaa. Katika miaka hiyo hakukaa pangoni. Alitibiwa malaria, alimsindikiza mkewe kujifungua, alishonwa jeraha, alinunua dawa za kikohozi. Kila moja ya safari hizo ilikuwa nafasi ya kumpima.

Takwimu zinaonyesha pengo liko wapi

Tafiti mbili za kitaifa za viashiria na matokeo ya UKIMWI zinatusaidia kuona tatizo lilipo. Katika ule wa mwaka 2016–2017, takriban asilimia 61 tu ya watu wazima wenye VVU walikuwa wanajua hali zao. Miongoni mwa waliojua, asilimia 94 walikuwa wakitumia dawa, na miongoni mwa hao asilimia 87 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Katika ule wa mwaka 2022–2023, waliojua hali zao walifikia asilimia 82.7, waliokuwa kwenye dawa miongoni mwao, asilimia 97.9, na waliofubazwa virusi miongoni mwa hao, asilimia 94.3.

Maendeleo ni makubwa, lakini tafiti zote mbili zinaeleza jambo moja. Mtu akishajua hali yake, hatua zinazofuata huenda vizuri. Pengo kubwa liko kwenye hatua ya kwanza, yaani kujua. Na katika hatua hiyo wanaume wamekuwa nyuma ya wanawake. Sehemu zinazofuata zinaeleza kwa nini, kwa kutumia mazingira ya ukanda wa dhahabu.

Sababu ya kwanza: dalili zina majina mengine

Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliuweka Mkoa wa Geita katika nafasi ya pili baada ya Kigoma, ambapo takriban asilimia 17 ya watoto chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea. Mahali ambapo malaria imeenea kiasi hicho, homa hupata jina kabla mgonjwa hajafika kwa mganga. Kipimo cha malaria kisipoonyesha vimelea, jina linalofuata mara nyingi ni taifodi, ambayo hutangazwa kwa kipimo cha Widal. Kipimo hicho kinaweza kutoa majibu chanya kwa mtu asiye na taifodi, hasa mahali ambapo watu wengi wamewahi kukutana na vimelea vyake.

Kikohozi nacho kina jina lake. Mchimbaji mdogo anayepasua mwamba ndani ya duara, au anayesimamia karasha linalosaga mawe, huvuta vumbi lenye silika kutwa nzima. Yeye mwenyewe, wenzake na hata mhudumu wa afya husema: ni vumbi hilo. Huenda ni kweli, kwa kuwa silika huharibu mapafu na kusababisha silikosisi. Lakini mapafu yaliyoharibiwa na silika hushambuliwa kwa urahisi na kifua kikuu, na VVU navyo hufungua mlango huohuo. Utafiti miongoni mwa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba hatari hizi mbili zinapokutana kwa mtu mmoja huzidishana badala ya kujumlishana tu. Kwa hiyo kauli kwamba ni vumbi haipaswi kuwa mwisho wa uchunguzi. Kwa mchimbaji, vumbi ni sababu ya kuchunguza zaidi.

Tuchukue mfano wa kutunga. Kijana wa miaka 34 anachimba katika machimbo ya wilaya ya Geita. Mwezi wa kwanza anapata homa, ananunua dawa mseto katika duka la dawa muhimu. Mwezi wa tatu homa inarudi. Zahanati inamtibu taifodi. Mwezi wa tano anaota mkanda wa jeshi kifuani, na jirani anampaka dawa ya majani. Mwezi wa nane anakohoa, anapewa viuavijasumu mara mbili. Mwezi wa kumi na moja anaanza kutokwa jasho usiku na suruali zinamvuka. Mwezi wa kumi na tatu analazwa na kifua kikuu, na kwa kuwa kila mgonjwa wa kifua kikuu hupimwa VVU, anapimwa. CD4 zake ni 62. Tukihesabu, kijana huyu alikutana na mtu mwenye dawa mkononi mara tano au sita kabla ya kupimwa. Mkanda wa jeshi pekee, kwa mtu wa umri wake, ulitosha kuwa sababu ya kupima.

Sababu ya pili: kazi isiyosubiri

Mchimbaji aliyeajiriwa katika mgodi mkubwa, kama ule wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000, ana mkataba, mshahara na huduma za afya kazini. Mchimbaji mdogo hana hayo. Wengi wao hulipwa kwa mgao wa mawe yanayotoka, na asiyekuwepo siku duara linapotoa dhahabu anaweza kukosa jasho la miezi. Kliniki nyingi hufanya kazi mchana wa siku za kazi, yaani saa zilezile ambazo yeye yuko chini ya ardhi. Kwake, kwenda kupimwa wakati hajisikii mgonjwa ni kupoteza pato la hakika kwa ajili ya habari anayoiogopa.

Zaidi ya hayo, dhahabu huhama na watu huhama nayo. Uvumi wa mlipuko mpya wa dhahabu ukisikika, maelfu huondoka Nyarugusu kwenda Mbogwe, au Kahama kwenda Chato, na nyuma yao huenda mama lishe, wauza maji, mafundi na wahudumu wa baa. Mtu anayehama mara kwa mara hana mhudumu anayemfahamu, hana jalada linaloonyesha kwamba hii ni homa ya nne, wala hana jirani wa kumwambia: umekonda mno tangu mwaka jana. Kila kituo humwona kama mgonjwa mpya mwenye homa mpya.

Sababu ya tatu: kipimo cha mke si kipimo cha mume

Mfumo wetu wa afya una mlango mmoja mpana sana wa kupimia VVU, nao ni kliniki ya wajawazito. Mwanamke anayebeba mimba hupimwa kama sehemu ya huduma ya kawaida. Huu ni ushindi mkubwa, nao ndio unaoeleza kwa sehemu kubwa kwa nini wanawake hugundulika mapema zaidi. Mwanamume mzima hana mlango unaolingana na huo. Huenda kituoni akiumia au akizidiwa.

Hapo ndipo huzaliwa imani yenye madhara: mke wangu amepimwa akakutwa salama, basi nami ni salama. Imani hii haina msingi. Katika ndoa nyingi zenye VVU, mmoja anavyo na mwingine hana, na hali hiyo inaweza kudumu kwa muda mrefu. Vilevile, majibu hasi ya miaka mitatu iliyopita si hati ya kudumu. Mwanamke aliyekutwa hana maambukizi mwanzoni mwa ujauzito anaweza kuyapata baadaye, ndiyo maana hushauriwa kurudia kipimo. Hata mwenza aliyekutwa na VVU mara nyingi huogopa kumwambia mumewe, kwa hofu ya kupigwa au kuachwa na watoto. Siri yake basi humchelewesha na mume.

Sababu ya nne: macho yetu hutazama upande mmoja

Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti kuhusu jamii zilizopakana na migodi mipya ya dhahabu katika ukanda huu. Matokeo yake bado yanafundisha. Miongoni mwa wanaume waliofanya kazi mgodini, asilimia 6 walikuwa na VVU. Miongoni mwa wanaume wengine wa jamii hizo, asilimia 16. Wanawake wengine wa jamii hizo, asilimia 18. Wanawake waliohudumu katika sehemu za vyakula na starehe, asilimia 42.

Takwimu hizo ni za miaka mingi iliyopita, nazo haziwasemei wachimbaji wadogo wa leo. Hata hivyo zinatufundisha mambo mawili. Kwanza, aliyetegemewa kuwa na virusi zaidi, yaani mfanyakazi wa mgodini, ndiye aliyekuwa navyo kidogo kuliko wote. Mhudumu anayepima kwa kukisia sura ya mtu atampita mkulima wa mihogo, mwalimu, mjane wa miaka 60 na baba mwenye duka. Watu hao ndio wanaochelewa, kwa sababu hakuna anayewadhania, nao hawajidhanii. Pili, wanawake wa kundi la mwisho walistahili huduma ya karibu zaidi kuliko mtu mwingine yeyote, lakini kadiri wanavyonyooshewa vidole ndivyo wanavyokimbia vituo vya afya. Kumpachika mtu jina la hatari humfanya ajifiche, na wakati huohuo humfanya jirani yake ajione salama.

Sababu ya tano: hofu, na maelezo mbadala ya ugonjwa

Miongoni mwa Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa na jamii nyingine za ukanda huu, ugonjwa usiopona hutafutiwa aliyeutuma. Mgonjwa hupelekwa kwa mganga wa jadi, na wakati mwingine familia huuza ng'ombe kabla ya kufika hospitali. Si haki kuwadharau watu hawa. Mganga humpa mgonjwa muda, humsikiliza, na humwambia kwamba kosa si lake. Kituo cha afya kinachomhudumia mtu kwa dakika mbili na kumtazama kwa jicho la lawama hakiwezi kushindana na hilo. Jawabu ni kumshirikisha mganga ili amshauri mgonjwa wake apimwe, na kuifanya huduma yetu iwe na heshima.

Hofu nyingine ni ya kupoteza kazi na nafasi katika jamii. Hapa sheria iko upande wa mgonjwa. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti VVU na UKIMWI inalinda usiri wa majibu na inakataza kumlazimisha mtu kupima. Marekebisho yaliyopitishwa na Bunge mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe, na kushusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15.

Gharama ya kuchelewa

Je, mtu aliyechelewa hawezi kuokolewa kwa huduma nzuri baadaye? Wengi huokolewa, na kila mmoja anastahili juhudi zote. Lakini kuna mpaka. Utafiti uitwao Daraja, uliofanyika katika hospitali 20 za kaskazini-magharibi mwa Tanzania na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2024, uliwahusisha watu wazima 500 waliolazwa wakiwa na VVU na ambao hawakuwa wakitumia dawa. Nusu yao walipewa mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa kuwasindikiza kwa miezi mitatu. Usindikizaji huo uliwasaidia zaidi kufika kliniki na kuanza dawa. Hata hivyo, vifo havikupungua: katika makundi yote mawili, takriban mtu mmoja kati ya sita alifariki ndani ya mwaka mmoja. Daraja zuri halimsaidii vya kutosha mtu aliyelifikia akiwa ameishiwa nguvu.

Kwa upande mwingine, utafiti wa kimataifa uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu walioanza dawa wakiwa bado na CD4 zaidi ya 500 walipunguza hatari ya ugonjwa mkubwa au kifo kwa asilimia 57, wakilinganishwa na waliosubiri. Tena, mtu anayetumia dawa na ambaye virusi vyake vimefubazwa haviambukizi kwa njia ya ngono. Kila mwaka wa kuchelewa kwa mmoja ni mwaka wa hatari kwa mwenza na kwa mtoto atakayezaliwa.

Nini kifanyike?

Kwa mhudumu wa zahanati na muuzaji wa duka la dawa muhimu: weka kanuni ya homa ya pili. Mtu mzima anayerudi na homa au kikohozi ndani ya miezi michache ashauriwe kupima VVU na kuchunguzwa kifua kikuu. Vivyo hivyo kwa mwenye mkanda wa jeshi, utando mdomoni, ugonjwa wa zinaa au kukonda. Maneno yawe mepesi: kipimo hiki tunampa kila mwenye dalili kama zako. Kauli hiyo huondoa tuhuma.

Kwa hospitali: kila anayegundulika apimwe CD4. Zikiwa chini ya 200, achunguzwe kifua kikuu na fangasi wa uti wa mgongo hata kama hana malalamiko. Aliyewahi kuanza dawa akaziacha apokewe bila kukemewa, maana naye ni aliyechelewa.

Kwa viongozi wa machimbo na wamiliki wa leseni: waiteni watoa huduma mkoba waje jioni au siku za mapumziko, na VVU vipimwe pamoja na shinikizo la damu, sukari na kifua, ili foleni isiwe foleni ya watu wa VVU peke yao. Vipimo vya JIPIME vinamfaa mtu asiyetaka kuonekana. Ila majibu yakionyesha maambukizi, lazima yathibitishwe kituoni.

Kwa familia: mume apime kwa damu yake mwenyewe. Mtoto wa mama mwenye VVU apimwe hata kama anaonekana mzima, na kaka zake na dada zake pia.

Hitimisho

Tumeona kwamba virusi hukaa kimya kwa miaka, kwamba dalili zake huitwa malaria, taifodi au vumbi, kwamba kazi na uhamaji humnyima mtu mhudumu anayemfahamu, kwamba wanaume hutegemea majibu ya wake zao, na kwamba tukichagua nani wa kupima kwa kumtazama, tunawapita wengi. Katika mambo hayo yote, aliyechelewa hakuchelewa peke yake. Methali ya mficha maradhi itabaki na hekima yake, lakini kabla ya kuitamka kitandani pa mgonjwa, tujiulize ni mara ngapi alituonyesha maradhi yake nasi hatukuyatazama.

Maswali ya majadiliano

1. Katika mfano wa kijana wa miaka 34, taja nafasi zote ambazo angeweza kupimwa mapema, na ueleze nani alikuwa na wajibu katika kila nafasi.

2. Kwa nini majibu ya mke katika kliniki ya wajawazito hayawezi kutumika kama majibu ya mume?

3. Katika eneo lako, ni saa na mahali gani panafaa kupimia wanaume wanaofanya kazi mchana kutwa?